Msiniletee Michoro Niwasomee

Wiki iliyopita, tena. Mwalimu mmoja wa hapa Kisumu alinitumia picha kwa WhatsApp: nyumba nyeusi, jua jeusi, mtu asiye na mikono. Chini ameandika, "Mshauri, huyu mtoto anapigwa kwao?" Nilimwuliza darasani wamebakiwa na kreyoni gani. Nyeusi, akasema, na vipande viwili vya kahawia.

Dhana hii imenichosha kuliko zote: kwamba mchoro ni eksrei na mshauri ni wa kuisoma. Nyeusi ni huzuni, nyekundu ni hasira, kukosa mikono ni kipigo. Watafiti wamezipima alama za aina hiyo kwa miaka mingi, na moja moja hazijathibitika kuwa ushahidi wa kutegemewa. Mtoto wa miaka 3 au 4 humchora mtu kama kichwa chenye miguu, bila kiwiliwili. Ndivyo ukuaji ulivyo. Tukifuata orodha hizo, chekechea nzima itaishia kituo cha polisi. Ukishuku mtoto anaumizwa, msikilize yeye, tazama mwili na mwenendo wake, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Rangi ya jua achana nayo.

Isitoshe, tiba simulizi, yaani ushauri ninaoufanya mimi wa kumsaidia mtu ayasimulie upya maisha yake, haiendi hivyo hata kidogo. Michael White wa Australia na David Epston wa Nyuzilandi waliijenga juu ya neno moja: mtu si tatizo, tatizo ndilo tatizo. Aliyechora ndiye anayejua alichochora. Mimi kazi yangu ni kuuliza.

Kijana mmoja wa gredi ya 6, anayekaa karibu na Dunga, ufukoni mwa Ziwa Victoria (nasimulia kwa ruhusa yake), aliichora hasira yake kuwa kiboko. Msomaji wa michoro angesema kiboko ni baba. Nikamwuliza, "Huyu hutoka majini saa ngapi?" Akanicheka. "Si usiku, akienda kula nyasi!" Na huyu wako? Jioni, dada yake akimsahihisha hesabu mbele ya wageni. Hutanguliza nini akija? Masikio kupata moto. Nani amewahi kumrudisha ziwani? Hapo alikaa kimya sana, kisha akamtaja nyanya yake, halafu akakumbuka jioni moja alipohisi masikio yakiwaka, akachukua mtungi akaenda kuteka maji. Hakumpiga mtu. Jioni hiyo ambayo hasira haikumshinda ndiyo niliyokuwa nikiitafuta tangu mwanzo. Nikampa karatasi nyingine aichore.

Baba yake alinilalamikia: "Sasa atasema kiboko ndiye aliyevunja kikombe." Hapana, mzee. Kijana aliyeambiwa kila siku kwamba yeye ni mkali hana la kufanya ila kuwa mkali. Akiuona ukali umesimama pembeni yake, ndipo anaweza kuulizwa ataufanya nini, na ndipo anapokilipia kikombe.

"Sijui kuchora." Hakuna anayetoa alama. Chora vijiti, kata picha za magazeti, panga kokoto mezani.

"Hayo ni ya watoto." Wateja wangu wengi wanaochora wana wajukuu.

"Lazima achore lililomtokea ndipo litoke." Hii nayo ni hatari. Kumwambia mtu aliyefurushwa kwake Nakuru kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2008, achore usiku ule, siku ya kwanza, ni kumrudisha motoni bila ndoo ya maji. Ncazelo Ncube-Mlilo wa Zimbabwe na David Denborough walipobuni Mti wa Uhai, zoezi la mtu kuyachora maisha yake kama mti, kwa ajili ya watoto waliofiwa kusini mwa Afrika, walianza na mizizi: ametoka wapi. Kisha ardhi, maisha yake ya sasa, shina, anachokiweza, matawi, matumaini, majani, watu wake, matunda, alivyopewa na wengine. Dhoruba, yaani mabaya yaliyompata, huzungumzwa baadaye, miti ikishasimama pamoja kama msitu. Mimi kwenye majani huwa sina haraka kabisa, na marehemu wanaruhusiwa.

Wazazi nao huuliza kama wanaweza kuuona mchoro. Mwulizeni mwenyewe, ni mali yake. Yule wa kiboko alimkatalia baba, akampelekea nyanya. Nasikia ameubandika kwa uji kwenye mlango wa jikoni.