Mnara upo, mtandao hauendi: kinachoviacha vijiji nyuma kidijitali

Mwaka 2024, kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), asilimia 83 ya wakazi wa mijini duniani walikuwa wakitumia intaneti. Vijijini ni asilimia 48. Wengi hudhani dawa ni kuongeza minara. Minara inahitajika kweli, ila tatizo kubwa mara nyingi liko kwenye mambo yanayoizunguka.

Kampuni hupiga hesabu: mnara wa kijijini haujengwi kwa bei nafuu kuliko wa mjini, ila wateja wake ni wachache na wametawanyika. Basi hutumia masafa ya chini ya mawimbi ya redio, kama 700 au 800 MHz (megahezi), yanayofika mbali kuliko 2600 MHz. Lakini huko chini nafasi ni finyu, mara nyingi 10 MHz tu kila upande (wa kupakia na wa kupakua), na wote waliomo eneo hilo wanaigawana. Jioni kasi inaporomoka.

Kuna jambo ambalo hata mafundi hulisahau. Simu hurusha mawimbi kwa takriban wati 0.2, redio ya mnara kwa wati 20, 40 au zaidi. Ukiwa pembezoni, simu inausikia mnara, lakini mnara hauisikii simu vizuri. Simu inasoma 4G, alama mbili zipo, picha haiendi. Ndiyo maana ramani za mtandao siziamini sana: nyingi huchorwa kwa nguvu ya mawimbi yanayotoka mnarani. Ukipima, pima kasi ya kupakia pia. Antena ya nje iliyoelekezwa mnarani husaidia, mradi waya uwe mfupi na mnene. Mita 10 za waya mwembamba humeza zaidi ya nusu ya nguvu.

Nyuma ya mnara nako kuna mambo. Mjini kuna mkongo, yaani kebo ya nyuzi inayobeba data. Kijijini data huruka kwa mawimbi ya redio ya maikrowevu kutoka mnara hadi mnara, na wa kati ukizima, yote iliyo nyuma yake inazima. Kwingine mnara huunganishwa kwa setilaiti, na ile ya kilomita 35,786 juu huchelewesha jibu kwa zaidi ya nusu sekunde, hivyo wanaoongea kwa simu hukatizana. Zile za karibu, kilomita 550 hivi, zimeondoa kero hiyo, si bei ya vifaa. Umeme nao: betri za risasi na asidi, kama za magari, zikinyonywa kupita nusu kila usiku huchakaa upesi, na mnara wa sola unaanza kulala kabla ya alfajiri.

Halafu wapo walio ndani ya mtandao kabisa ila hawautumii, kwa sababu ya bei ya simujanja na bando. Kipimo cha Umoja wa Mataifa cha unafuu wa bei ni kifurushi cha msingi kisichozidi asilimia 2 ya wastani wa pato la taifa kwa kila mtu kwa mwezi. Wastani huo huchanganya mshahara wa mjini na kipato cha msimu cha mkulima, hivyo nchi inaweza kufaulu mtihani huo huku mkulima akinunua bando la siku moja moja, ambalo kwa kawaida ndilo ghali zaidi kwa kila megabaiti.