Mhudumu wa afya aliyechoka: anzeni na ratiba ya zamu, semina baadaye

Muuguzi akianza kumwita mgonjwa "kitanda namba saba" na kuwajibu ndugu kwa mkato, huripotiwa kuwa ana tabia mbaya. Wapo walio hivyo kweli. Lakini kabla ya kumwandikia barua, itazameni ratiba yake ya wiki tatu zilizopita.

Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani linauweka uchovu sugu wa kazini kama hali inayoletwa na kazi, si ugonjwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kuikataa au kuidharau kazi, na kuona hufanyi cha maana. Kipimo cha Christina Maslach na Susan Jackson cha mwaka 1981, chenye maswali 22, kinapima hayo hayo. Wengi wetu tunaishia kwenye la kwanza, "nimechoka", wakati la pili ndilo linalomfikia mgonjwa.

Kosa linaloumiza kuliko yote kwenye ratiba ni kumpanga mtu mchana halafu asubuhi. Anamaliza zamu saa 2 usiku, anakabidhi hadi saa 2 na nusu, anagombania daladala ya Chanika, pembezoni mwa Dar, anafika kwake saa 4. Kesho anatakiwa wodini saa 1 na nusu asubuhi, kwa hiyo saa 10 na nusu alfajiri yuko macho. Kwenye karatasi amepumzika masaa 11. Usingizi wenyewe haufiki masaa sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masaa 12 mfululizo ya mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na sheria yenyewe haihesabu foleni.

Zamu zizunguke kwenda mbele: asubuhi, mchana, usiku, kisha mapumziko. Mwili husogeza usingizi mbele kwa urahisi kuliko kuurudisha nyuma. Usiku usizidi mitatu mfululizo, na siku mtu anayotoka usiku ihesabiwe ya kulala tu. Mapumziko yaanze kesho yake. Ratiba ibandikwe wiki mbili kabla. Kubadilishana zamu kuandikwe kwa muuguzi mfawidhi, kusiishie kwenye kundi la WhatsApp saa 5 usiku.

Halafu kuna pati taimu, yaani kazi ya pili nje ya zamu. Kinachowapeleka watu hospitali binafsi ni ada za watoto, kwa hiyo kuwafokea hakusaidii. Mfawidhi aulize bila kutisha: umetoka wapi, umelala saa ngapi? Mtu aliyekaa macho masaa 17 utendaji wake hushuka karibu sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Huyo asipewe kupima dawa peke yake.

Saa mbaya za usiku ni kuanzia saa 9 hadi saa 11 alfajiri, joto la mwili linapokuwa chini kabisa. Chukua mfano wa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti ya mshipani kwa mama mwenye kifafa cha mimba: gramu 4. Dawa ya asilimia 50 ina nusu gramu kwa kila mililita, hivyo unavuta mililita 8, unaongeza maji ya sindano mililita 12, unapata mililita 20 za asilimia 20. Saa 4 asubuhi hesabu hii ni ya kitoto. Saa 10 alfajiri mtu huyo huyo anavuta 12 za dawa na 8 za maji, na mama anapata gramu 6. Ndiyo maana saa hizo mmoja avute, wa pili asome chupa na sindano kwa sauti.

Pangeni pia kulala kidogo kwa kupokezana, dakika 20 hadi 30, kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Ukizidisha unaamka na kichwa kizito. Hata ukiamka vizuri, jipe dakika 15 kabla ya kumgusa mgonjwa. Kahawa ya mwisho iwe saa 8, kwa kuwa baada ya masaa matano hivi nusu yake bado iko mwilini.

Nyumbani adui ni joto. Chini ya bati la Dar, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, chumba saa 8 mchana hakilaliki, na umeme ukikatika feni nayo inalala. Ukifika usianze kufua. Oga, kula kidogo, ziba dirisha kwa kitenge kizito na uwe umelala saa 3 asubuhi. Joto likikuamsha saa 7 usipigane nalo; lala tena saa 10 hadi saa 11 na nusu kama zamu ya usiku inakungoja. Waambieni wa nyumbani waziwazi kwamba aliyetoka usiku hayupo likizo, hivyo asitumwe sokoni.

Mama akifia leba, msiwakusanye wote siku hiyo hiyo na kuwalazimisha kusimulia kila kitu. Kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kiwewe. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ina hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Nani anatetemeka? Nani hajala? Nani arudishwe nyumbani na mwenzake? Kikao cha mapitio ya kifo kije baadaye, kihoji damu ilikwama wapi na rufaa ilichelewa wapi. Kikigeuka cha kutafuta mchawi, safari ijayo watu wataficha.

Uchovu wa kazi kwa kawaida hulegea ukiwa likizo. Huzuni isipolegea hata huko, jaza PHQ-9, fomu ya kupima sonona yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Alama 10 na kuendelea, kamwone mtaalamu wa afya ya akili. Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, jibu lolote lililo juu ya sifuri linakupeleka siku hiyo hiyo. Usijitibu kwa diazepamu ya kabati la wodi. Na kama unaogopa faili lako kusomwa na wenzako, nenda hospitali usiyofanyia kazi. Mhudumu aliyetibiwa akirudi kazini, mfawidhi amwondoe zamu za usiku kwa wiki mbili za mwanzo, na sababu isiandikwe kwenye ratiba ya ukutani.