Vijana Kwenda Umisheni Nje ya Nchi: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Vijana wengi wakirudi kutoka umisheni wa nje husema kwamba baraka waliyoipata siyo ile waliyoiombea. Wanasema kweli, na jambo hilo lina sababu zake. Baraka ya namna hiyo humfikia mtu aliyekubali kuwa mgeni. Inapokosekana, mara nyingi ni kwa sababu ya dhana ambazo kikundi kilizipakia pamoja na mizigo.

"Tunawapelekea Mungu"

Karibu kila mahali vijana wanapofika, kanisa lipo tayari. Mara nyingi ndilo lililowaalika. Lina waombaji wake, walimu wake, na machozi ambayo mgeni hayajui. Paulo akiwaandikia Warumi (1:11-12) alisema anatamani kuwapa karama ya rohoni, kisha papo hapo akaongeza kwamba watafarijiana, kila mmoja kwa imani ya mwenzake. Mtume hakuona aibu kupokea.

Kwa vitendo, maana yake ni kwamba ratiba huandikwa na wenyeji. Miezi sita kabla ya safari, kiongozi amwulize mchungaji mwenyeji mambo matatu. Ni kazi gani inaendelea hata tusipokuja? Tukija, nani kwenu ataiongoza? Na ni jambo gani lililofanywa na wageni waliotangulia ambalo hamtaki lirudiwe? Swali la tatu ndilo lenye majibu ya thamani, lakini wengi hawalijibu kwa maandishi kwa kumstahi mgeni. Ulizeni kwa simu, tena kupitia mtu wanayemwamini.

Halafu acheni saa mbili tupu kila siku. Ratiba iliyojaa tangu alfajiri haina nafasi ya mama mwenyeji anayetaka mkono wa kumenya viazi, wala ya mzee anayetaka kusimulia kanisa lilivyoanza na familia tatu. Humo jikoni, kijana aliyekuja na somo la maombi husikia watu wakiomba huku visu vinaendelea kumenya, wakitaja majina na shida moja moja. Somo lake linaanza kubadilika kabla hajalifundisha.

"Asiyeweza kuhubiri abaki nyumbani"

Wamisionari wawili wa kwanza kutumwa na Wamoravia, kanisa la Kiprotestanti, mwaka 1732, walitoka Herrnhut, Ujerumani, kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Leonhard Dober alikuwa mfinyanzi na David Nitschmann alikuwa seremala. Kanisa halikuona kasoro katika hilo.

Tena wahubiri ndio wanaopata shida kubwa kuliko wote, kwa sababu ya tafsiri. Ukipewa dakika 30 na mkalimani, una dakika 15 za maneno yako. Kijana asiyejua hili hukatwa katikati ya ushuhuda, kabla hajafika alipokutana na Kristo. Andika ushuhuda wa dakika 5. Sema sentensi moja kamili, nyamaza, mwache mkalimani amalize. Ukikata sentensi nusu, anabaki kubahatisha mwisho wake. Acha misemo na vichekesho vinavyotegemea mchezo wa maneno. Watazame wasikilizaji, usimtazame mkalimani. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mpe mistari yote ya Biblia utakayoisoma aitafute katika lugha yake, maana kutafsiri Maandiko papo kwa papo kunamchosha na kunapotosha.

Kunyamaza huko kati ya sentensi huogofya mwanzoni. Baadaye vijana wengi hugundua kwamba kumewafundisha kusema wanachomaanisha tu.

"Kupaka rangi hakuhitaji ujuzi"

Kunahitaji. Plasta mpya ya saruji huachwa takriban siku 28 kabla ya kupakwa rangi ya kawaida. Kikundi chenye siku 10 hupaka ukuta ambao bado una unyevu na chokaa kali ndani yake. Rangi inafura malengelenge, inabanduka, na wenyeji wanaukwangua wageni wakishaondoka. Mbaya zaidi, fundi wa mtaani ambaye angelipwa kwa kazi hiyo amekaa bure.

Mpango mzuri ni kuchangia ujira wa fundi na kuwafanya vijana wasaidizi wake. Wachekeche mchanga, wachote maji, wachanganye ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, wakigeuza vikiwa vikavu mpaka rangi ya mchanganyiko iwe moja kabla ya kutia maji. Fundi akiwaambia warudie, warudie. Kwa kijana aliyezoea kusifiwa kwa kila jambo, kusahihishwa kwa upole na mtu anayeijua kazi yake ni zawadi isiyopatikana kwenye semina.

"Wiki moja ya upendo kwa yatima haimdhuru mtu"

Hapa tunasema kwa uzito. Mtoto anayemkumbatia mgeni dakika ya kwanza anaweza kuwa ameshazoea kuachwa. Kila kikundi kinachokuja, kumbeba na kuondoka humwongezea jeraha, hata kama kila mmoja alimpenda kwa dhati. Isitoshe, wengi wa watoto wanaolelewa katika vituo vya yatima duniani wana mzazi aliye hai, na kituo kinachovutia wageni wenye michango kinaweza kuwavuta watoto kutoka nyumbani kwao.

Kama kanisa mwenyeji lina huduma ya watoto, watumikieni wanaobaki: osheni vyombo, tengenezeni madawati, wapeni walezi siku ya kupumzika huku watu wanaojulikana na watoto wakiwaangalia. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Wawe wawili daima. Picha ya mtoto isipigwe bila ruhusa ya mlezi wake, na isirushwe mtandaoni pamoja na jina au mahali anapoishi. Kijana atasikitika kurudi bila picha hiyo. Afundishwe sababu kabla ya safari, siyo uwanjani mbele ya mtoto.

"Hatulipwi, kwa hiyo viza ya utalii inatosha"

Nchi nyingi huhesabu kazi ya kujitolea au ya dini kuwa kazi inayohitaji kibali chake, hata isiyo na mshahara. Kikundi kilichosema mpakani kwamba ni watalii, kisha kikakutwa kikiendesha mikutano, huwaweka wenyeji mashakani. Wao ndio wanaobaki kujibu. Ulizeni ubalozi mapema na mjaze ukweli.

Pasipoti iwe na angalau miezi 6 ya uhai baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa mbili tupu. Aliye chini ya miaka 18 abebe barua ya idhini ya wazazi wote wawili au mlezi halali, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo aliyechanjwa juzi anaweza kuzuiwa mpakani.

"Mungu akikutuma huugui"

Timotheo aliugua mara kwa mara, na Paulo akamwandikia kuhusu tumbo lake. Bebeni chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Zikikosekana, changanyeni lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari, hivyo pimeni, msikisie. Mkienda penye malaria, dawa za kinga huendelea baada ya safari: baadhi kwa siku 7, nyingine kwa wiki 4, kufuatana na maelekezo ya daktari. Wengi huziacha wakishafika nyumbani, na hapo ndipo malaria inapowakuta. Homa yoyote katika miezi inayofuata, mwambieni daktari mlikokuwa.

"Anayelilia nyumbani ameshindwa imani"

Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani akarudi Yerusalemu (Matendo 13:13). Miaka baadaye Paulo aliagiza aletwe, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Tengeni akiba ya tiketi ya mtu mmoja kurudi na mtu mzima wa kumsindikiza, na msimtangaze kwa aibu.

"Baraka hupimwa kwa mikono iliyoinuliwa"

Watu huinua mkono kwa imani, na wengine huinua kwa adabu kwa mgeni aliyetoka mbali. Anayeweza kutofautisha ni mchungaji atakayekuwa nao mwezi ujao. Mwachieni yeye wito, mafunzo na majina. Taarifa ya kurudi isiwe hesabu. Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walilikusanya kanisa na kueleza mambo ambayo Mungu amefanya (Matendo 14:27).

Taarifa hiyo huharibika ikitolewa Jumapili ya kwanza, watu wakiwa na usingizi na hisia zinachemka. Kutaneni kama kikundi baada ya wiki mbili. Kila mmoja ajibu: nani alinihudumia, na kwa kitu gani? Hapo ndipo yasiyotarajiwa hutajwa. Wawili walionuniana tangu uwanja wa ndege walipatana wakiwa kwenye foleni ya kuoga. Kijana mkimya alikuwa anaamka kabla ya wote kuchota maji, na hakuna aliyejua. Andikeni majibu hayo, muwatumie wenyeji kabla hamjayasoma kanisani, wapate kurekebisha palipokosewa.

Katika barua hiyohiyo, waalikeni walete vijana wao kwenu. Barua rasmi ya mwaliko ya kuombea viza ianze kuandaliwa mwezi huohuo, ikiwa na majina kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe, mahali pa kulala na nani atalipia nini. Waliomenyea viazi jikoni kwao ndio wapangwe kuwapokea.