Dhima ya shirika la ndege: kwa nini abiria na mhudumu walioumia pamoja hawafungui kesi moja

Ndege iliyo kwenye safari ya kimataifa inaingia ghafla kwenye msukosuko wa hewa, taa ya mikanda haijawashwa. Abiria anayetoka chooni anaanguka na kuvunjika kifundo cha mguu. Mhudumu anayesukuma toroli ya vinywaji hatua mbili mbele yake anaanguka na kuvunjika palepale. Wameumizwa na mtikisiko uleule, ndani ya ndege ya shirika lilelile, lakini kisheria wameachana tangu sekunde hiyo. Abiria anashikwa na mkataba wa kimataifa, mhudumu anashikwa na sheria za kazi. Kila mmoja ana muda wake wa kudai, mahakama yake na kipimo chake cha fidia.

Neno linalobeba yote hayo ni dhima, yaani wajibu wa kulipia madhara yaliyompata mwingine. Wengi huichukulia dhima kuwa ni kosa, na hapo ndipo wanapopotea. Kwenye usafiri wa anga kuna fedha ambazo shirika hulipa hata kama halikukosea, na kuna madhara ambayo halilipi hata senti ingawa hakuna anayebisha kwamba yalitokea ndani ya ndege yake.

Abiria na Mkataba wa Montreal

Safari nyingi za kimataifa leo zinatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003 na kuungwa na mataifa zaidi ya 130. Ulichukua nafasi ya Mkataba wa Warsaw wa 1929, ambao bado unatumika pale ambapo nchi husika hazijajiunga na ule mpya.

Tiketi ndiyo inayoamua kama safari ni ya kimataifa. Kipande cha ndani ya nchi kilichokatwa kama sehemu ya safari ya kwenda nje kinahesabiwa kuwa cha kimataifa. Kwa hiyo watu wawili waliokaa viti jirani wanaweza kuwa chini ya sheria mbili tofauti, mmoja akiwa anaishia mji wa pili na mwenzake anaunganisha kwenda ng'ambo.

Kwa kifo au majeraha, ibara ya 17 inadai mambo matatu: kuwe na ajali, iwe imeleta madhara ya mwili, na iwe imetokea ndani ya ndege au wakati wa kupanda au kushuka. Sharti la kwanza ndilo linaloua kesi nyingi. Mkataba haukueleza ajali ni nini, kwa hiyo majaji ndio walioijenga maana yake kesi baada ya kesi.

Msingi uliwekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1985, katika shauri la abiria wa Air France aliyepoteza usikivu wa sikio moja ndege ilipokuwa ikishuka. Mfumo wa kurekebisha mgandamizo wa hewa ulikuwa umefanya kazi kama kawaida. Mahakama ilisema ajali ni tukio lisilotarajiwa au lisilo la kawaida, lililo nje ya mwili wa abiria. Mwili ukiitikia vibaya safari ya kawaida, hiyo si ajali. Kwa mantiki hiyohiyo, mwaka 2005 majaji wa juu wa Uingereza waliwakatalia abiria walioganda damu kwenye mishipa ya miguu kwa kukaa muda mrefu kitini.

Lakini tukio linaweza pia kuwa kukataa kutenda. Mwaka 2004 mahakama ileile ya Marekani ilisikiliza shauri dhidi ya Olympic Airways. Abiria mwenye pumu alikuwa amekaa karibu na eneo la wavuta sigara, mkewe akamwomba mhudumu mara tatu amhamishe, akakataliwa ingawa viti vitupu vilikuwepo. Mgonjwa alifariki safarini. Shirika lilidai kwamba moshi katika ndege ya wakati ule ulikuwa jambo la kawaida. Mahakama ikajibu kwamba kule kukataa ndiko kusikokuwa kwa kawaida, na hiyo ilikuwa ajali.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ilikwenda mbali zaidi mwishoni mwa 2019. Kahawa ya moto ilikuwa imemwagika kutoka kwenye meza ya kukunja na kumuunguza mtoto, na haikujulikana kama meza ilikuwa mbovu au ndege ilitikisika. Mahakama ilisema hilo halina uzito, kwa kuwa mdai halazimiki kuonyesha hatari inayohusiana na kuruka kwenyewe.

Sharti la pili, madhara ya mwili, lina ukali wake. Hofu tupu hailipwi. Abiria wa ndege ya Eastern Airlines iliyozimikiwa injini zote juu ya bahari, kisha ikafanikiwa kuwasha moja na kutua, walikataliwa mwaka 1991 kwa sababu hakuna aliyeumia mwili. Tena mtu akishindwa chini ya mkataba hawezi kuzunguka na kudai hasara hiyohiyo kwa sheria za kawaida za nchi. Shauri la 1999 dhidi ya El Al, shirika la ndege la Israel, la abiria aliyelalamikia upekuzi wa mwilini kabla ya kupanda, lilifunga mlango huo Marekani. Kwa maoni yangu, huu ndio upande mkavu kuliko yote wa mfumo mzima: mkataba humlinda abiria pale unapomgusa, na humfungia mlango pale usipomfikia.

Ajali na jeraha vikithibitika, malipo huenda kwa ngazi mbili. Kiwango hupimwa kwa SDR, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachotokana na dola, euro, yuan, yen na pauni. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ngazi ya kwanza inafika SDR 151,880, ambazo ni zaidi ya dola 200,000 za Marekani. Hadi hapo, mdai hathibitishi uzembe. Anathibitisha hasara yake tu, na shirika linaweza kupunguziwa mzigo likionyesha kwamba yeye mwenyewe alichangia kuumia. Huyu wetu wa kifundo cha mguu ataulizwa kama aliambiwa akae akapuuza. Juu ya kiwango hicho hakuna kikomo, ila shirika hujinasua likithibitisha kwamba halikuwa na uzembe au kwamba kosa lote ni la mtu mwingine. Fidia ya kuadhibu haipo kabisa.

Mzigo na ucheleweshaji

Hapa kesi hufa kwa tarehe kuliko kwa hoja. Mzigo uliokabidhiwa ukifika umeharibika, malalamiko ya maandishi yatolewe ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Ukifika kwa kuchelewa, ni siku 21 tangu ukabidhiwe. Usipofika ndani ya siku 21 tangu siku uliyotakiwa kufika, unahesabiwa umepotea na unaweza kudai thamani yake. Ukinyamaza hadi siku hizo zikapita, huna kesi ya uharibifu wala ya kuchelewa, isipokuwa shirika lilifanya udanganyifu. Jaza fomu kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka uwanjani, halafu tuma pia barua au baruapepe yako na utunze nakala, kipande cha lebo ya mzigo na stakabadhi za ulichonunua wakati unasubiri.

Kikomo ni SDR 1,519 kwa abiria, si kwa begi. Mwenye mabegi matatu hapati mara tatu. Anayebeba kitu cha thamani zaidi anaweza kutoa tamko maalumu la thamani wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa ada ya ziada, njia ambayo ni wachache wanaoitumia. Kwa begi la mkononi, dhima huja tu pale shirika au watu wake walipokosea.

Kuchelewa kwa abiria kuna kikomo cha SDR 6,303, nacho hulipa hasara uliyoithibitisha, si kero. Shirika likionyesha kwamba lilichukua hatua zote zilizowezekana kwa busara, halilipi. Ndiyo maana watu wengi hukimbilia kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 261 ya mwaka 2004 pale inapohusika. Hiyo hutoa euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, bila kuulizwa umepoteza nini, kwa safari inayoanzia ndani ya Umoja kwa shirika lolote, au inayoingia humo kwa shirika la Ulaya. Tangu uamuzi wa 2009 wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kufika umechelewa saa tatu au zaidi kunalipwa kama kufutiwa safari. Jibu la kawaida la mashirika ni "hali isiyo ya kawaida". Mahakama imekataa kwamba hitilafu ya kiufundi ya kawaida inaingia humo, na mwaka 2021 ikakataa vilevile kwa mgomo wa marubani wa shirika lenyewe. Dhoruba au kufungwa kwa anga ni jambo jingine.

Kuhusu muda wa kwenda mahakamani, Mkataba wa Montreal unatoa miaka miwili tangu kufika, au tangu siku ndege ilipotakiwa kufika. Mazungumzo na kitengo cha huduma kwa wateja hayasimamishi saa hiyo. Mashirika yanalijua hilo, na barua za "tunalishughulikia suala lako" zimeshawala wadai wengi. Shauri hufunguliwa makao ya shirika, mahali pa shughuli zake kuu, kwenye ofisi iliyouza tiketi au kule safari inakoishia. Kwa tiketi ya kwenda na kurudi, mwisho wa safari ni pale ulipoanzia. Kwa kifo na jeraha huongezeka mahakama ya nchi anayoishi abiria, kama shirika linafanya biashara huko.

Mhudumu, rubani, fundi

Mkataba unazungumzia abiria, na aliye kazini si abiria. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua hivyo hata kwa fundi aliyekuwa amekaa tu ndani ya ndege ya mizigo iliyoanguka, kwa sababu alisafiri kwa agizo la mwajiri. Mhudumu wetu atadai kupitia mfumo wa fidia kwa wafanyakazi. Hathibitishi uzembe wa mtu, ila anapata kiasi kilichopangwa kwenye jedwali la fidia, na katika nchi nyingi akishaingia humo hawezi kumshtaki mwajiri kwa uzembe. Uingereza bado inaruhusu.

Nje ya majeraha, kesi za wafanyakazi huhusu zaidi ubaguzi, mishahara na kufukuzwa. Kesi ya mhudumu wa kike wa Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji la wakati ule, iliyoamuliwa mwaka 1976, ndiyo iliyofanya malipo sawa kwa wanawake na wanaume yadaiwe moja kwa moja mahakamani kote Ulaya. Marubani wa British Airways walipata mwaka 2011 tamko kwamba malipo ya likizo hayawezi kuhesabiwa kwa mshahara wa msingi pekee huku nyongeza ya saa za kuruka ikiachwa.

Swali gumu ni la wapi. Mfanyakazi anaajiriwa nchi moja, ndege imesajiliwa nyingine, analala ya tatu. Mwaka 2017 mahakama ya Ulaya ilisema, kwa wafanyakazi wa ndege waliokuwa na kituo chao Charleroi, Ubelgiji, huku mikataba yao ikitaja mahakama za Ireland, kwamba kituo ambako mtu huanzia na kumalizia kazi ni kielelezo kizito kuliko bendera ya ndege.

Marekani ina kikwazo chake. Sheria ya Kazi za Reli ya 1926, iliyopanuliwa kwa mashirika ya ndege mwaka 1936, hupeleka migogoro ya tafsiri ya mikataba ya pamoja, ile ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, kwenye bodi za usuluhishi badala ya mahakama. Fundi wa Hawaiian Airlines aliyekataa kutia saini kwamba ekseli yenye mikwaruzo ilikuwa salama, akafukuzwa, aliambiwa na shirika kwamba njia yake ni hiyo tu. Mahakama ya Juu ilikataa mwaka 1994: kutofukuzwa kwa kufichua hatari ni haki inayotokana na sheria ya jimbo, haitoki kwenye mkataba wa kazi. Tangu 2000 kuna pia sheria ya taifa inayowalinda wafichuaji wa usalama wa anga, lakini lalamiko lazima liwasilishwe ndani ya siku 90. Ukilinganisha na miaka miwili ya abiria, muda huo ni mfupi mno.

Kuna mahali pamoja tu ambapo abiria na mhudumu wa mwanzo wanaweza kukaa benchi moja. Ikigundulika kwamba wakati wa mtikisiko ule toroli pia iliwaangukia kwa sababu kitasa chake kilikuwa na kasoro ya kiwandani, mtengenezaji wake si shirika la ndege wala mwajiri. Mkataba wa Montreal haumkingi, mfumo wa fidia za kazi haumkingi, na wote wawili wanaweza kumshtaki kwa uzembe au kwa bidhaa mbovu kwa sheria ya nchi inayohusika.