Mpingo inapofifia: namna tunavyozijua sayari za nyota nyingine

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulitimiza miaka 100, na katika kusherehekea ukazigaia nchi nyingi nyota moja moja wazipe majina. Tanzania iliangukiwa na WASP-71, jina la kwenye daftari tu. Siku hizi nyota hiyo inaitwa Mpingo, na sayari inayoizunguka inaitwa Tanzanite. Iko katika kundi la Nyangumi, karibu kabisa na ikweta ya anga, kwa hiyo sisi wa Pemba ikifika juu inakuwa utosini. Kwa macho matupu haionekani, lakini darubini ndogo inaikamata bila taabu.

Tanzanite yenyewe sijaiona, wala hakuna aliyeiona. Watu wakisikia "sayari mpya imegunduliwa" hudhani mtaalamu alichungulia akaona kitone pembeni ya nyota. Zipo zilizopigwa picha kweli, kama zile za nyota HR 8799 zilizotangazwa mwaka 2008, ila ni chache, na aghalabu ni majitu yenye joto yaliyo mbali sana na nyota zao. Sayari zinazojulikana sasa zimepita 6,000, na karibu zote tumezijua kwa kuitazama nyota, si sayari. Sayari huisumbua nyota yake, na kazi yetu ni kuupima usumbufu huo.

Usumbufu mmoja ni wa kuvutana. Sayari haizunguki nyota iliyotulia tuli. Nayo nyota huyumba kidogo, mara ije kwetu, mara irudi nyuma. Ikija, mistari myembamba inayoonekana mwanga wake ukitawanywa kuwa rangi husogea upande wa buluu. Ikirudi, husogea upande wa nyekundu. Kwa njia hiyo Michel Mayor na Didier Queloz waligundua mwaka 1995, huko kusini mwa Ufaransa, kwamba nyota 51 Pegasi inayumba kwa mita hamsini na kitu kwa sekunde, na kila baada ya siku nne na kidogo mchezo unaanza upya. Yaani sayari kubwa inaizunguka nyota hiyo kwa siku nne! Kwetu hapa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote za Jua letu, huchukua karibu miaka 12 kulizunguka Jua, na hakuna aliyetarajia jitu kama lile libanane na nyota namna hiyo. Mwaka 2019 wakapata Tuzo ya Nobel. Lakini Mshtarii wenyewe hulisogeza Jua kwa mita 12 hivi tu kwa sekunde, na Dunia yetu hulisogeza kwa sentimita 9. Sentimita 9 bado zinawatoa jasho wenye mitambo ya mamilioni, basi mimi wa Makangale njia hiyo nimewaachia wao.

Yangu ni ya pili, ya kufifia. Ikiwa mzunguko wa sayari umelala sawasawa na macho yetu, kila ikipita mbele ya nyota huziba mwanga kidogo. Fikiria umesimama pwani usiku, na nondo anapita mbele ya karabai ya ngarawa ya dagaa iliyo mbali baharini. Nondo humwoni, ila ungekuwa na kipimo kizuri ungejua taa imepungua kidogo kisha ikarudi. Mshtarii akipita mbele ya Jua anaziba asilimia moja. Dunia haifiki hata sehemu moja ya asilimia hiyo ukiigawa mara mia. Ndiyo maana chombo cha Kepler kilirushwa mwaka 2009 kwenda kukodolea macho nyota kama 150,000 kwa pamoja bila kupepesa, juu ya hewa yetu inayomemetesha kila kitu. TESS kikafuata mwaka 2018.

Lakini jitu kama Tanzanite halihitaji chombo cha angani. Mradi wa WASP uliolivumbua ulitumia lenzi za kamera za milimita 200, za aina ambayo mpiga picha wa mpira angeijua, zilizofungwa La Palma na Afrika Kusini. Hilo napenda kulirudia kila nikipata nafasi, kwa sababu vijana wetu wanaamini kwamba elimu ya falaki ni mambo ya wenye NASA yao.

Sasa usiku wenyewe unakwendaje? Kwanza ni hesabu. Tanzanite inaizunguka Mpingo kwa siku tatu kasoro saa mbili na kitu. Leo ikianza kupita saa nane za usiku, baada ya usiku tatu itaanza kama saa sita kasoro robo, kisha saa tatu na nusu hivi, halafu inaangukia machweo na kupotelea mchana, nawe unasubiri mpaka izunguke irudi usiku. Ongeza na hali ya hewa. Mpingo hupanda juu kabisa usiku wa manane mwishoni mwa Oktoba, wakati mvua za vuli zinagonga mlango. Kwa hiyo mimi hupenda Septemba, wakati wa demani, kusi ikiwa imeshalegea na haiitikisi tena darubini. Inabidi kukesha mpaka alfajiri, lakini anga linakuwa limeoshwa.

Mwezi nao ni adui. Hapo tunakubaliana na wavuvi wa dagaa: wao wanataka kiza ili taa zao zivute samaki, nami nakitaka ili mbingu iwe nyeusi. Ami yangu, ambaye ameivua bahari hii maisha yake yote, alinikuta uani nimekaa na kompyuta.

"Umeshaiona hiyo sayari yako?"

"Bado, ami. Haionekani."

"Sasa unakesha kwa ajili gani?"

Nikamwonesha grafu: nukta zimejipanga sawa, kisha zinashuka kidogo. Akaitazama, akaniambia, "Basi useme unahesabu taa." Sikumbishia.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba picha nzuri haitakiwi. Nalegeza fokasi makusudi mpaka nyota inakuwa kiduara kilichovimba kama bangili. Mwanga ukijaa kwenye pikseli chache, yaani vile vitone vya kamera vinavyopokea mwanga, pikseli hizo hushiba na hesabu inaharibika. Tena hakuna pikseli mbili zenye usikivu sawa, na nyota ikicheza kidogo unadhani imefifia. Ukiutandaza mwanga juu ya pikseli nyingi, kasoro hizo zinafutana. Halafu siipimi Mpingo peke yake, naipima pamoja na nyota jirani zilizomo katika picha ileile. Wingu jepesi likipita, zote zinapungua pamoja. Ikipungua Mpingo peke yake, hapo nakaa vizuri kitini. Umande ndio unaoniudhi hasa: hewa ya pwani yetu ina maji na chumvi, na kioo kisipofungwa mkanda wa kukipasha joto, kabla ya saa saba za usiku unapiga picha za ukungu.

Kushuka kwa grafu kunakupa uwiano tu. Mwanga ukipungua asilimia moja, kipenyo cha sayari ni sehemu ya kumi ya kipenyo cha nyota, basi. Kama nyota umeikadiria ndogo kuliko ilivyo, na sayari umeidogosha vilevile. Mpingo ni nyota iliyonenepa kuliko Jua, kwa hiyo Tanzanite, ingawa ni kubwa kuliko Mshtarii, haizibi hata asilimia moja. Uzito wake ulijulikana kwa ile njia ya kuyumba, nao ni kama mara mbili ya Mshtarii. Nakushauri usiiamini habari yoyote ya "sayari inayofanana na Dunia" kabla hujauliza nyota yake imepimwa vipi. Na wakati mwingine kinachopita si sayari kabisa, ni nyota mbili zinazozibana kwa zamu.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wakaupima ule mwanga unaochujwa na hewa ya sayari inapopita. Darubini ya James Webb mwaka 2022 iliona kaboni dayoksaidi wazi kabisa katika hewa ya sayari WASP-39b. Jirani zetu wa Kenya sayari yao inaitwa Enaiposha, kwa Kimaasai, lakini imejifunika ukungu mzito uliowasumbua wataalamu kwa miaka. Na ile habari ya sayari K2-18b iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mwaka 2025, kwamba huko kumenuswa uhai? Dalili ilikuwa dhaifu, na timu nyingine zilipozihesabu upya data zilezile hazikuiona. Mimi nisingeisambaza.

Wenye darubini hizo kubwa wanatuhitaji kwa jambo moja: saa. Tuseme muda wa mzunguko wa Tanzanite umekosewa kwa sekunde moja tu. Kwa mwaka inazunguka mara 126 hivi. Baada ya miaka kumi sayari inapita dakika 20 mapema au kuchelewa, na muda wa James Webb haupotezwi kwa kungoja. Kuna mradi unaoitwa ExoClock unaokusanya nyakati hizi kutoka kwa wenye darubini ndogo popote walipo, kwa ajili ya Ariel, chombo cha angani cha kupima hewa za sayari hizi ambacho Ulaya inakiandaa. Data za TESS nazo ni bure. Mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuanza kuchora grafu leo, hata masika, mvua ikinyesha.