Trauti wa kahawia wa ziwani si lazima awe wa kahawia

Watu wengi wakivua Ziwa Michigan kule Marekani wakapata samaki anayeng'aa kama fedha, hapo hapo wanasema huyo samoni, eti trauti wa kahawia (brown trout, samaki wa jamii moja na samoni) lazima awe wa kahawia na madoa mekundu. Sio kweli jamani. Wa mitoni ndo mara nyingi anakuwa hivyo, ila akikulia ziwa kubwa lenye maji ya wazi ngozi inageuka fedha na yale madoa mekundu yanafifia au hayaonekani kabisa, ndo namna yake ya kujificha.

Kwa hiyo achana na rangi, angalia mkia: wa kahawia hana madoa mkiani au anayo machache tu, ila trauti upinde (rainbow trout, aina nyingine ya trauti) mkia wake mzima umejaa madoa. Halafu mfungue mdomo, wa kahawia ndani ni mweupe, wakati samoni aina ya chinuki (chinook) ana fizi nyeusi.

Kumpata, nenda alfajiri msimu wa machipuko, maji yakiwa bado baridi wanasogea karibu na ufukwe kufuata visamaki. Na wanakua balaa, 2010 pale Racine, Wisconsin, alivuliwa mmoja wa karibu kilo 19, ziwa hilohilo.