Mlezi wa Kazi Afikiri kwa Sauti

Katika ofisi nyingi za uwakala wa forodha ninazozihudumia, yaani zinazowashughulikia wateja hati na ushuru wa mizigo, Malaba mpakani mwa Kenya na Uganda na pia Kampala, mfanyakazi mpya huonyeshwa kiti karibu na mtu mzoefu na kuambiwa, "Kaa na mzee hapa, utajifunza." Kazi yangu ni kuzisaidia kampuni kupanga ulezi wa namna hiyo, na ninauamini kabisa. Nimeona vijana wakipanda kwa kulelewa kazini kwa kiwango ambacho semina za hotelini haziwafikishi. Lakini kukaa tu hakutoshi, kwa sababu sehemu ngumu ya kazi hii haionekani kwa macho. Inatendeka kichwani mwa mzee.

Tazama uainishaji wa bidhaa. Kila bidhaa inayoingia nchini hupewa namba. Tarakimu sita za mwanzo hutumika karibu dunia nzima, na Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili. Namba hiyo ndiyo huamua ushuru: tangu Julai 2022 viwango vikuu ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Ukikosea namba, mteja analipa zaidi ya anachodaiwa, au anadaiwa baadaye pamoja na faini.

Tuseme mteja ana makasha ambayo ankara inayaita vipuri vya baiskeli. Kijana anafungua faili la mzigo uliopita, ananakili namba ya vipuri na kusonga mbele. Mzee anachukua orodha ya vilivyofungwa, anaipitia kidogo, anakataa. Fremu ni 200, magurudumu ni 400, usukani ni 200. Hizo ni baiskeli zilizofunguliwa, na kanuni za uainishaji zinasema kitu kilicholetwa kikiwa hakijaunganishwa huhesabiwa kuwa kitu kizima. Kijana aliyekaa pembeni ameona namba ikibadilishwa, basi. Hakuona ile hesabu ya fremu na magurudumu. Wiki ijayo zikija meza zilizofunguliwa, atanakili tena.

Ndiyo maana somo la kwanza ninalowapa walezi ni kufikiri kwa sauti. Mzee aseme anachokitazama kwanza, kwa nini, na ni kitu gani kingemfanya abadili uamuzi. Wengi huona ugumu. Aliyeifanya kazi miaka mingi hajui tena kwamba anahesabu. Anaona jibu tu. Hapo ninamgeukia kijana na kumpa ruhusa ya kuuliza swali moja kila mara: "Mzee, umetazama wapi kwanza?" Swali hilo humrudisha mzoefu kwenye hatua alizokwisha kuzisahau.

Haja hii imeongezeka tangu mfumo wa Himaya Moja ya Forodha, unaozifanya nchi za Jumuiya kuwa eneo moja la forodha, uanze mwaka 2014. Zamani kijana alijifunza akizunguka kati ya malori. Leo mizigo mingi hutolewa tamko, yaani maelezo yake kwa forodha, na kulipiwa ushuru ingali Mombasa, na anayeshughulika nayo Kampala huona skrini na karatasi tu. Biashara imenufaika, lakini darasa la uwanjani limepungua. Kwa hiyo ninazisihi kampuni zimpeleke mtu mpya mpakani au kwenye bohari pamoja na mlezi wake, wafungue makasha, wayalinganishe na hati.

Halafu kuna mpangilio wa kukabidhi kazi. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, aliwachunguza mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970. Wanagenzi wao walianza na mwisho wa nguo: kushona vifungo, kukunja pindo. Baadaye walishona vipande, na kukata kitambaa kulikuja mwisho kabisa, kwa kuwa mshono uliopinda hufumuliwa, ila kitambaa kilichokatwa vibaya kimeharibika. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: tunampa mgeni uainishaji siku ambayo ofisi imezidiwa, tukidhani tunamwamini. Aanze kwa kukagua faili zilizokamilika, aone mzigo ulivyosafiri hadi mwisho. Kisha aandike matamko ambayo mlezi atayapitia kabla hayajatumwa. Kazi ya kuamua namba na thamani ya bidhaa apewe mwisho. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky (1896–1934) alieleza kwamba mtu hukua katika eneo lililo kati ya anayoweza peke yake na anayoweza akisaidiwa. Mlezi mzuri hulisogeza eneo hilo kila mwezi. Asiyelisogeza anazalisha karani wa kudumu, na nimeona vijana wenye akili kali wakizeeka kwenye kunakili.

Heshima yetu nayo ina mtego wake. Kijana wetu hamuulizi mzee mara mbili. Kufanya hivyo kunaonekana kama kumpima. Ninapendekeza mlezi asiwe yule anayesaini tathmini ya mwaka ya kijana, la sivyo kila swali litakuwa ungamo. Na wazungumze kwa lugha inayowafungua. Pale Malaba nimewaona wasichana waliokaa kimya katika mkutano wa Kiingereza wakimbana mlezi kwa Kiswahili, wamesimama kando ya lori, hadi jambo likaeleweka.

Mlezi naye ana hofu ambayo mameneja hawapendi kuisikia. Anajua kwamba kijana akishaiva anaweza kuondoka na wateja na kufungua ofisi mtaa wa pili. Tena, saa anayotumia kufundisha ni saa ambayo faili zake zimelala, na katika ofisi nyingi anapimwa kwa idadi ya faili. Kumwambia awe na moyo wa kujitolea ni kumwonea. Mpunguzieni faili. Ulezi uandikwe kwenye majukumu yake na uhesabiwe anapopandishwa cheo. Kijana naye apangiwe ngazi ya kupanda ndani ya kampuni, asione mlango wa kutokea kuwa njia pekee ya kukua. Katika ofisi zilizofanya hivyo, swali ninaloulizwa na wazoefu limebadilika. Hawaniulizi tena ni kwa nini wafundishe. Wananiuliza lini watapewa kijana mwingine.